Fimbo ya kuvulia baharini: iwe ngumu kiasi gani?

Msomaji ameuliza: "Nataka kununua fimbo ya kuvulia baharini. Mara nyingi navua nikiwa nimesimama ufukweni, narusha chubwi la gramu 150 na chambo cha ngisi. Mara moja moja wenzangu hunichukua kwenye mashua. Rili yangu ina mshipi wa kusuka wa kilo 20. Rafiki mmoja ananiambia nichukue fimbo ngumu kuliko zote, maana samaki wa baharini hana adabu. Mwingine anasema ngumu itanikatia mshipi. Tena nimeonyeshwa fimbo iliyokwisha kutumika, maandishi yake yamefutika. Nimsikilize nani, na ile ya zamani nitaujuaje ugumu wake?"

Ndugu yangu, rafiki zako wote wawili wanaanzia kwa samaki, na hapo ndipo wanapopotea pamoja. Ugumu wa fimbo uamuliwe kwanza na kile unachokirusha au kukiteremsha, pili na mshipi uliomo kwenye rili, na samaki awe wa tatu. Samaki mkubwa huenda akaja, huenda asije. Chubwi lako la gramu 150 lipo kila unaponyanyua mikono, na fimbo isiyolimudu itakusumbua tangu asubuhi hadi maji yanapokupwa, hata kama siku hiyo hakuna kilichouma.

Kabla ya hesabu, tutenganishe mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya katika neno moja "ngumu". La kwanza ni nguvu: mzigo kiasi gani unahitajika ili fimbo ipinde. La pili ni mahali inapopindia. Kuna fimbo ambazo chini ya mzigo hupinda nchani tu, robo au theluthi ya juu, na sehemu iliyobaki hukaa wima. Nyingine hupinda hadi kiunoni, yaani katikati ya fimbo. Nyingine hupinda mwili mzima mpaka ukahisi mkunjo karibu na mkono. Fimbo mbili zaweza kuwa na nguvu sawasawa, moja ikapinda nchani na nyingine mwili mzima, na ukizitikisa dukani utaapa kwamba ya kwanza ni ngumu mara mbili. Kutikisa fimbo tupu hukuonyesha ncha peke yake. Shina la fimbo halijui kama unaitikisa. Huamka pale tu mzigo unapoingia.

Sasa turudi kwenye chubwi. Fimbo hurusha kama upinde wa mshale: unaipinda, inahifadhi nguvu, kisha inajinyoosha na kuusukuma mzigo. Ikiwa ngumu mno kwa mzigo wako haipindi, na kazi yote inabaki mabegani mwako. Utarusha karibu, utachoka, na muda wa kuachia mshipi kwa usahihi unakuwa mfupi sana, kwa hiyo chubwi moja huenda kushoto na lingine kulia. Mshtuko wa fimbo kavu, yaani ngumu isiyopinda, pia hupasua chambo laini. Ngisi huachana na ndoana angani, nawe unakaa nusu saa ukivua kwa ndoana tupu bila habari. Ikiwa laini mno, chubwi linabaki nyuma, fimbo inajinyoosha kwa uvivu na kuyumbayumba baada ya kuachia, na mshipi unapigapiga pete. Ukiilazimisha, inavunjika.

Kwenye fimbo nyingi za ufukweni utakuta kiwango cha uzito wa kurusha kimeandikwa juu ya mshiko, kwa mfano gramu 100–200. Hapo kuna mambo mawili ambayo watu huyasahau. Kwanza, uzito huo ni wa kila kitu kinachoruka: chubwi, ndoana, mshipi wa mbele na chambo. Kipande cha ngisi cha kushiba kina gramu 40 au zaidi, kwa hiyo wewe hurushi 150, unarusha 190. Pili, kikomo cha juu kinamhusu mtu anayerusha polepole kupita juu ya kichwa. Anayelaza chubwi mchangani nyuma yake na kuzungusha mwili mzima huizidishia fimbo mzigo mara nyingi kuliko uzito ulioandikwa. Mtu wa namna hiyo aache nafasi chini ya kikomo. Wewe hujasema unarusha vipi. Kama ni kwa utulivu, fimbo ya 100–200 inakutosha. Kama unarusha kwa nguvu zako zote, tafuta ya 150–250, na ujue kwamba utapoteza kidogo katika kuona samaki wadogo wanapodonoa.

Hapohapo nikuonye kuhusu usalama, maana ufukweni kuna watu wengine. Kanuni ya zamani ya warushaji ni kwamba mshipi wa mbele, ule mnene unaopokea mshtuko wa kurusha, uwe na uwezo wa kilo 4.5 kwa kila gramu 28 za chubwi. Kwa gramu 150 hiyo ni kama kilo 24. Mshipi wako wa kilo 20 haufikii, tena wa kusuka haunyumbuki. Funga mshipi mnene wa nailoni wa kilo 25 au 30 mbele yake, urefu wa kutosha kupita fimbo nzima na bado kuzunguka rili mara kadhaa. Kadiri fimbo inavyokuwa ngumu ndivyo mshtuko huo unavyokuwa mkali. Chubwi lililokatika angani ni risasi kwa maana zote mbili.

Urefu nao unaingilia. Ukichukua mrija uleule, wa unene uleule, ukaurefusha mara mbili, mzigo uleule utaushusha nchani mara nane. Ndiyo maana fimbo ya mita 4.5 inayotaka kubaki imara lazima iwe nene zaidi kiunoni au itengenezwe kwa nyuzi kakamavu zaidi. Fimbo ndefu, nyembamba na inayodaiwa kuwa ngumu sana itilie shaka. Kwa kazi yako mita 3.9 hadi 4.2 zinatosha kuuinua mshipi juu ya mawimbi yanayovunjika.

Haya, sasa samaki. Hapa ndipo nisipokubaliana kabisa na yule rafiki yako wa kwanza, na sababu yake ni ya wenzo. Watu wengi hudhani fimbo ngumu humchosha samaki. Fimbo ngumu humchosha anayeishika. Tuseme umefunga breki ya rili iachie kwenye kilo 5, ambayo ni robo ya uwezo wa mshipi wako. Fimbo ina mita 4, kitako kimekaa kiunoni mwako na mkono wa juu uko sentimita 70 kutoka hapo. Kama fimbo haipindi hata kidogo na mshipi unavuta kwa pembe mraba, mkono wako wa juu unabeba 5 mara 4 gawanya kwa 0.7, yaani kilo 28 na ushee. Samaki yeye anahisi kilo 5 tu. Fimbo ikipinda mpaka ncha yake iwe mita 2 tu kutoka kiunoni mwako, ukipima kwa pembe mraba na mshipi, mzigo wako unashuka hadi kilo 14, na samaki bado anahisi zile kilo 5. Umejipunguzia nusu ya kazi bila kumpunguzia yeye chochote.

Hesabu hiyo inaeleza mambo mengi. Inaeleza kwa nini fimbo za mashua zina mita 1.8 hadi 2.1 tu: huko hakuna haja ya kurusha mbali, basi wenzo unafupishwa na mvuvi anaweza kufunga breki nzito zaidi. Inaeleza kwa nini wavuvi wa jodari hufungiwa mkanda wenye kikombe cha kitako na hata mikanda ya mgongoni. Na inaeleza kwa nini mtu mwenye fimbo ya ufukweni ngumu kama mpini wa jembe huishia kuilaza na kumvuta samaki kwa rili peke yake, akaipoteza faida yote aliyoilipia.

Rafiki yako wa pili ana nusu ya ukweli. Fimbo haikati mshipi. Mshipi hukatwa na mshtuko ambao hakuna kitu kilichoupokea. Kwenye mfumo wako kuna vitu vitatu vinavyoweza kupokea mshtuko: mshipi wenyewe, fimbo, na breki. Nailoni hurefuka kwa asilimia nyingi kabla ya kukatika, na mita 80 za nailoni majini zina mnyumbuko wa kutosha kusamehe fimbo kavu. Mshipi wa kusuka karibu haurefuki. Ukiuweka kwenye fimbo isiyopinda, breki imebaki peke yake, na breki nyingi hukwama kidogo kabla ya kuanza kuteleza. Katika ule mkwamo mdogo, samaki anapogeuza kichwa, fundo linaachia au mdomo unachanika. Kwa hiyo kwa mshipi wa kusuka nakushauri fimbo inayopinda hadi kiunoni. Ukihamia nailoni unaweza kupanda daraja moja la ugumu, na kwa kweli utalihitaji ili kuisukuma ndoana mbali.

Pima breki kwa mizani ya kuning'iniza, usiikadirie kwa vidole. Mwenzako ashike mizani, wewe simama na fimbo kwa pembe ya nyuzi 45, avute hadi rili ianze kuachia. Watu waliokuwa wakijisifu kuvua na breki ya kilo 10 hukuta ni 3.

Midomo na ndoana zina sauti yao pia. Ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imegeukia ndani, hutaka fimbo itakayomwacha samaki aondoke na chambo huku mzigo ukiongezeka taratibu. Ndoana inazunguka na kushika pembeni mwa mdomo yenyewe. Ukimvuta kwa ghafla kwa fimbo kavu unaitoa. Ndoana iliyonyooka kwenye mdomo mgumu wa kolekole au changu inahitaji shina lenye nguvu, hasa akiwa mbali. Chambo bandia chenye ndoana za meno matatu kinapenda fimbo ya wastani, kwa kuwa meno hayo ni membamba na hupanua tundu mdomoni fimbo inapovuta bila kulegea. Chewa ndiye anayestahili fimbo kakamavu kuliko wengi: akishaingia chini ya mwamba habari imekwisha, na una sekunde chache tu za kumgeuza. Papa na taa wakubwa ni suala la kustahimili muda mrefu, si la kugeuza kwa ghafla, hivyo nguvu iwe kwenye shina na kiuno kipinde.

Ufukweni ncha ina kazi nyingine ambayo ugumu huiharibu. Fimbo ikiwa imesimama kwenye kishikio, ncha hutikisika kwa mawimbi, mkondo na majani yanayopita. Ncha laini hufuata mawimbi hayo bila kulivuta chubwi chini, na samaki anapoonja chambo hakutani na ukinzani wa ghafla. Ncha kavu huling'oa chubwi kila wimbi linapopita, chambo kinaruka na kutua, na mshipi unalegea na kukaza. Palipo na mkondo mkali watu hutumia chubwi lenye kucha za waya zinazojichimbia mchangani. Hapo ncha laini yenye shina gumu ndiyo yenyewe: ncha inanyumbuka na mawimbi, na unapotaka kuzing'oa kucha zile, shina linafanya kazi.

Mashuani mambo hubadilika kiasi kwamba sikushauri uende na fimbo yako ya mita 4. Itagonga watu, na wenzo niliouhesabu utakuadhibu samaki akiwa chini kabisa ya mashua. Fimbo nyingi za mashua hupangwa kwa madaraja ya mshipi. International Game Fish Association, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo kilichoanzishwa mwaka 1939, huandika rekodi kwa madaraja ya kilo 6, 8, 10, 15, 24, 37 na 60 miongoni mwa mengine, na watengenezaji wengi wameyafuata. Daraja la kilo 15 halimaanishi fimbo itainua kilo 15 kutoka majini. Linamaanisha imetengenezwa ifanye kazi na mshipi wa kiasi hicho, breki ikiwa robo hadi theluthi yake. Kunyanyua samaki kwa fimbo na kumpitisha juu ya ukingo ni njia ya haraka ya kuvunja ncha. Kuna wavu wa kunyanyulia.

Fimbo nyingine zina herufi PE na namba. Herufi hizo ni za polietilini, malighafi ya mshipi wa kusuka, na namba inahusu unene wa mshipi, siyo nguvu moja kwa moja. PE 1 ina kipenyo cha kama milimita 0.165, na PE 4 kama 0.33, mara mbili tu, kwa sababu namba hufuata wingi wa nyuzi na si upana. Usiifanye kilo. Tazama unene ulioandikwa kwenye kibunda cha mshipi wako kisha ulinganishe.

Ukibanwa na ukawa unaweza kununua fimbo moja tu kwa ufukwe na mashua, ipo aina ya kati: mita 2.7 hadi 3, ncha laini, shina kakamavu. Ilitokana na mbinu iliyosambaa Essex, Uingereza, miaka ya 1970, ya kurusha chubwi lenye kucha mbele ya mashua iliyotia nanga, kinyume cha mkondo. Inarusha gramu 100 hadi 200 bila taabu. Kutoka ufukweni haitakufikisha mbali kama ile ndefu, na penye mawimbi marefu mshipi utaguswa, lakini kwenye gati au miambani ni fimbo tamu sana. Binafsi, kama safari zako za mashua ni chache hivyo, ningeomba kuazima huko na kununua ya ufukweni iliyo sahihi.

Kuhusu malighafi nitapita haraka, kwa sababu ndipo matangazo yanapopiga kelele. Nyuzi za kaboni za kawaida zina ukakamavu kama mara tatu ya nyuzi za kioo, na ni nyepesi zaidi. Kwa hiyo fimbo ya kaboni hufikia nguvu ileile ikiwa nyembamba na nyepesi, na hujinyoosha upesi baada ya kurusha. Kaboni kakamavu zaidi hustahimili mkunjo mdogo zaidi kabla ya kuvunjika, na ukuta wa mrija ukiwa mwembamba, pigo dogo la chubwi kwenye ukingo wa mashua laweza kuacha jeraha litakalofunguka mwezi mwingine chini ya samaki. Fimbo ya nyuzi za kioo ni nzito na mvivu, lakini husamehe kukanyagwa. Kiwango kikubwa cha kaboni kilichoandikwa kwa herufi za dhahabu hakikuambii fimbo ni ngumu kiasi gani, wala bora kiasi gani.

Basi chaguo lako, nikiliweka wazi: mita 3.9 hadi 4.2, uzito wa kurusha gramu 100–200, ipinde hadi kiunoni, ncha laini, shina ambalo huwezi kulikunja kwa mikono. Breki kilo 4 hadi 5, mshipi wa mbele kilo 25 na kuendelea.

Tuje kwenye fimbo iliyofutika maandishi. Ilaze shina juu ya meza, mtu mzito alikandamize, sehemu kubwa itokeze nje ikiwa mlalo. Pima kimo cha ncha kutoka sakafuni. Ning'iniza nchani chupa ya plastiki tupu na uimimine maji taratibu mpaka ncha ishuke kwa theluthi moja ya urefu uliotokeza. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo una jibu la namba. Namba hiyo peke yake haikuambii mengi. Fanya vivyo hivyo kwa fimbo ya mwenzako ambayo maandishi yake yanasomeka na ambayo hurushia gramu 150 au 200, ikitokeza urefu uleule, halafu linganisha. Wakati chupa inaning'inia, simama kando uangalie mkunjo uko wapi. Uwe mviringo unaoenda bila kona. Kona ya ghafla ni dalili ya jeraha au ya kiungo kilichokufa.

Kisha pitisha mshipi kwenye pete zote, funga mwisho wake kwenye kitu imara, fimbo iwe nyuzi 45, uvute hadi breki ya kilo 5 iachie. Usiinue fimbo hadi ikaribie kuangalia nyuma yako, maana mzigo wote utahamia nchani, na hivyo ndivyo fimbo nzuri zinavyovunjika mikononi mwa watu wenye nguvu. Ikiwa katika kilo 5 mkunjo umefika mkononi na bado inazidi kwenda, ni laini kwako. Ikiwa ncha pekee imeinama, ni ngumu kwako, hata kama muuzaji anaisifu kwa hilohilo. Sikiliza kiungo: kikilia, kiache. Pitisha pamba ndani ya kila pete; ikinasa nyuzi, pete imepasuka na itausaga mshipi wako wa kusuka.

Mwisho, vitenganishe vipande na uviweke sambamba. Vipande vya fimbo nyingi hulingana urefu. Kama cha juu kimepungua sentimita kumi au kumi na tano, yaelekea fimbo iliwahi kuvunjika ncha ikapachikwa pete mpya, na sasa ni ngumu kuliko ilivyotoka kiwandani kwa sababu kilichopotea ndicho kilichokuwa laini kuliko chote. Kwa kutupa gramu 190 yaweza bado kufaa, na una haki ya kuomba bei ishuke. Kwa kukuonyesha samaki anayedonoa ngisi kimyakimya, haitakuonyesha.